Ukanda wa Bibi Zawena

Paukwa!

Pakawa!

Wakubwa mpo? Wadogo mpo? Basi sogeeni karibu, maana hadithi ya leo si ya kucheka.

Hapo zamani za kale, katika bonde la Lukwale, waliishi nyati. Walikuwa wengi, weusi tititi, wakitembea ardhi inatetemeka, ti! ti! ti! Miongoni mwao alikuwapo Sikudhani, nyati jike, kijana, mwepesi wa kuelewa. Mama yake alikufa akimzaa. Akalelewa na bibi yake, Bibi Zawena.

Kila mwaka mvua zikiisha, Bibi Zawena alikuwa akienda kwenye miti ya migunga, anatega sikio. Siku maganda ya migunga yanapoanza kupasuka, pa! pa! pa! bibi analia mara moja, na kundi zima linapanda kilimani. Wanakula nyasi, wanakanyaga. Wanakula, wanakanyaga. Mpaka unabaki ukanda wa udongo mtupu, kutoka majabalini hadi mtoni.

"Kwa nini tunafanya hivi, bibi?"

"Ndivyo tulivyofundishwa, mjukuu wangu. Moto ukija, utakomea hapa."

Miaka ikapita. Moto haukuingia Lukwale hata mara moja. Wadogo wakasahau kwamba kuna kitu kinaitwa moto.

Ndipo akaja Korongo, ndege wa mbali, mwenye miguu mirefu. Akafungua shule. Alikuwa mwalimu mzuri, nisimsingizie. Alifundisha hesabu, alifundisha nyota, alifundisha majina ya nchi ambazo nyati hawajazikanyaga. Sikudhani akaipenda shule kuliko wote, hata Korongo akamfanya msaidizi wake.

Mwaka mmoja mvua ikanyesha kidogo tu. Maganda yakapasuka, pa! pa! Bibi Zawena akalia. Korongo akawaita wote shuleni.

"Nimepima nyasi za kilimani," akasema. "Zinatosha kuwalisha ndama miezi miwili. Mkizikanyaga, ndama watakufa njaa. Nani kati yenu amewahi kuuona huo moto?"

Vijana wakamgeukia Bibi Zawena.

"Mimi sijauona," Bibi Zawena akasema. "Bibi yangu aliuona."

"Na habari zake zimeandikwa wapi?"

"Zimeandikwa miguuni mwetu, mwalimu."

Vijana wakacheka. Korongo hakucheka. Akamgeukia msaidizi wake. "Sikudhani, wewe umelelewa naye. Unasemaje?"

Sikudhani alijua. Alijua nyasi zimekauka kuliko mwaka wowote. Alijua bibi yake hajawahi kumdanganya. Lakini wenzake walikuwa wanamtazama, na kicheko bado kiko midomoni mwao. Akaona aibu.

"Ni mambo ya wazee tu, mwalimu."

Bibi Zawena akamtazama. Hakumgombeza. Akageuka, akapanda kilima peke yake.

Siku ya kwanza, ti… ti… ti… Siku ya pili, ti… ti… ti… Sikudhani yuko darasani, anasikia. Mara mbili aliinuka amfuate. Mara mbili akakaa tena.

Siku ya tisa, jua la utosi, upepo ukageuka. Harufu ikaja kwanza. Kisha moshi. Kisha ukasikika mngurumo, vuuu! Moto! Ulikuja kama unafukuzwa, na karibu nyasi zote za kilimani zilikuwa zimesimama, kavu, zinaungoja. Nyuma ya nyati kuna majabali, njia ya mtoni imeshikwa na moto, hakuna pa kutokea.

"Huku!" Sauti ikatoka juu. "Njooni huku!"

Nyati mmoja hawezi kazi ya kundi. Bibi Zawena alikuwa ametengeneza kipande tu cha udongo mtupu, kama uwanja mdogo. Waliofika wakabanana humo, ndama katikati. Wasiofika, hawakufika. Sikudhani alisukumwa ndani na mgongo aliokuwa anaujua, mgongo wenye kovu wa bibi yake. Akapiga kelele, "Bibi, ingia na wewe!"

"Pamejaa. Mwinamie huyo ndama, asivute moshi."

Moto ukafika ukingoni, ukakosa cha kula. Ukagawanyika, ukapita huku na huku, ukaenda zake.

Moshi ulipotulia, Bibi Zawena alikuwa amelala ukingoni, mwili umeziba mahali ambapo kipande kilikuwa chembamba. Sikudhani akamgusa kwa pua. Akamwita. Akamwita tena.

Korongo alikuwa ameyaona yote kutoka angani. Akashuka, manyoya yamejaa masizi. Akazunguka kile kipande chote, hatua kwa hatua. Akaja akasimama mbele ya Sikudhani.

"Niliuliza habari zimeandikwa wapi," akasema. "Sikuuliza ukanda unafanya kazi gani. Kosa hilo ni langu. Sasa nifundishe wewe. Ukanda unaanza lini?"

"Maganda ya migunga yakipasuka."

"Upana wake?"

"Nyati kumi na wawili, ubavu kwa ubavu."

"Na mwaka ambao migunga haizai maganda, bibi alikuwa anajuaje siku?"

Sikudhani akakumbuka mwaka mmoja wa namna hiyo. Bibi alipanda kilimani siku ileile iliyofaa. Naye Sikudhani alikuwa pale, ubavuni mwake, na hakumuuliza.

"Sijui," akasema.

Neno hilo likamchoma kuliko moto. Hapo ndipo alipolia.

Tangu mwaka ule, mvua zikiisha, shule ya Lukwale inahamia kilimani. Korongo anahesabu hatua, Sikudhani anakanyaga, ndama wanafuata nyuma, ti! ti! ti! Na kila ndama anapewa swali moja asiloweza kulijibu mwalimu yeyote: maganda yasipokuwapo, Bibi Zawena alijuaje siku? Wanachunguza mchwa. Wanachunguza upepo. Wanaonja nyasi asubuhi na jioni. Jibu bado hawajalipata. Wanalitafuta mpaka leo.

Funzo lake ni hili, wakubwa kwa wadogo: ujuzi wa wazee wetu ni elimu kamili. Upimeni, uandikeni, ufundisheni shuleni, lakini kwanza waulizeni wenyewe wangali hai.

Hadithi yangu imekomea hapo. Niliyopewa nimewapa.