Khuzayma na Hotuba Iliyokosa Shahidi

Waliopokea habari za waja wema wametusimulia kwamba katika mji mmoja ukingoni mwa mto Dijla aliishi katibu wa Liwali aitwaye Khuzayma bin Wardani, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alijaaliwa ufasaha wa ajabu. Akiandika taazia, hata hasimu wa marehemu hulia.

Ikatokea ghala ya nafaka ya mji ikateketea kwa moto. Watu wakaingiwa na hofu ya njaa, na hofu ikageuka hasira. Askari wakamkamata Mihrani, mgeni kutoka milima ya Dailamu, aliyesilimu karibuni na ambaye Kiarabu chake kilikuwa cha kubabaisha. Kosa lake lililojulikana ni kulala jirani na ghala ile.

Liwali akamwita Khuzayma. "Ijumaa baada ya sala utawasomea watu hotuba. Wakiondoka, asibaki hata mmoja mwenye shaka kuwa Mihrani ndiye aliyewasha moto. Kadhi hatathubutu kwenda kinyume na mji mzima."

"Na ushahidi, ewe Amiri?"

"Ningekuwa na ushahidi, ningekuita wewe?" Liwali akamtazama mkono wa kulia, akautazama kwa kitambo. "Mkono huo nimeulisha miaka mingi, Khuzayma."

Akaenda akaandika. Alianza kwa hofu, lakini kadiri sentensi zilivyomjia akaanza kuonja utamu wake, na huo ndio uliokuwa mtihani mkubwa zaidi. Alipomaliza alimsomea mkewe, Bi Lubaba bint Asimu, mwanachuoni aliyewasomesha wanawake wa mji elimu ya hadithi za Mtume. Bi Lubaba akalia. Kisha akafuta machozi.

"Bwana wangu, umeniliza, na mtu huyu nimemchukia. Sasa nitajie isnadi, mnyororo wa walioipokea habari hii. Nani alimwona na moto mkononi?"

"Watu wote wanasema ni yeye."

"'Watu wote' si mpokezi. Mwanafunzi akiniletea hadithi ya namna hiyo, hata kuhusu adabu ya kunywa maji, naikataa. Wewe umeitundikia shingo ya mtu."

Khuzayma akaikunja karatasi. Aliogopa mkono wake usije ukakatwa.

Siku ya Ijumaa uwanja wa msikiti ulifurika. Mihrani alisimamishwa mbele akiwa amefungwa kamba. Khuzayma akapanda jukwaani, akaanza kusoma, na sauti yake ikawashika watu kama alivyokusudia. Wanawake wakaanza kulia. Wanaume wakasogea. Alipofika pale alipoandika, "Ni nani mwingine angethubutu?" jiwe likarushwa, likampasua Mihrani paji la uso. Yule mgeni akafumbua kinywa ajitetee, maneno yakamkwama. Damu ikamwingia jichoni, naye hakuwa na mkono wa kuifutia.

Khuzayma akaacha kusoma. Akalisema jina la Mola wake moyoni, kisha akapaza sauti.

"Enyi watu, ngojeni! Niwaonyeshe nilivyowafanya. Nilipouliza ni nani mwingine angethubutu, hamkujibu, mkadhani ukimya wenu ndio jibu. Swali lile nililiweka mahali palipotakiwa jina la shahidi. Nilipomwita nyoka, mliona nyoka, hamkumwona mtu. Na maneno 'watoto wetu, watoto wetu' nimeyarudia kwa sababu anayelia hapimi. Yaondoeni hayo, hotuba yangu haina kitu. Wallahi, sina shahidi hata mmoja!"

"Mshusheni!" Liwali alifoka. Askari wakamkamata mkono uleule. Khuzayma akafumba macho, akaomba subira.

Ndipo kadhi aliposimama. "Mwacheni kwanza. Swali lile mimi nalitakia jibu. Nani alimwona?"

Watu wakatazamana. Mara Saliti, mmoja wa walinzi wa ghala, akaanguka chini akilia.

"Mimi nilimwona! Alikuja mbio na ndoo ya maji. Moto ni wangu, ewe Kadhi. Niliuwasha kando ya ukuta wa ghala nipikie, upepo ukauchukua. Nilikuja hapa nikiijua kweli, na hotuba ile iliponoga, nikaanza kuamini kuwa ni yeye."

Mihrani akafunguliwa. Liwali, mbele ya umati ule, hakuthubutu kumgusa Khuzayma, ila alimfukuza diwanini, ofisi ya makatibu, asirudi tena. Khuzayma akaishi kwa kusomesha balagha, elimu ya ufasaha. Aliwafundisha wanafunzi wake waandike hoja kwanza kwa maneno makavu, na isiposimama yenyewe, kalamu iwekwe chini.

Jioni ya Ijumaa ile alimwendea Mihrani kumwomba radhi. Mgeni yule, kichwa kikiwa kimefungwa kitambaa, aliyatafuta maneno moja moja.

"Jiwe... si lako. Lako ni maneno." Akakigusa kitambaa. "Yote mawili... nimesamehe."

Khuzayma, bingwa wa ufasaha, akamshika mkono. Akainama, akalia.

Ndugu Muumini, ulimi mzuri ni neema, na kila neema ina hesabu yake. Neno likikuchoma moyo, liulize limetoka kwa nani. Na likitoka kwako, mwogope Yule anayelisikia kabla halijapambwa.