Jembe Mlangoni kwa Nakunde

Hapo zamani, na msiniulize zamani ipi, palikuwa na jumbe aitwaye Mhina. Akaingiwa na hamu ya kujua watu wake wanaishi kwa kazi gani. Akatoa amri: kila nyumba iweke mlangoni zana ya kazi yake. Mlango mmoja, zana moja. Mndolwa, mhesabuji wake, atapita na kuhesabu. Kazi itakayokosa watu, ardhi yake watapewa wengine.

Amri ilimkuta Nakunde akifinyanga mtungi. Kijijini kwao wanaume walilima, wanawake walifinyanga, na udongo wote ulitoka bonde la Kwemtindi. Lakini mlango, kwa mila yao, ni wa mwanamume. Nakunde akawaza: milango yote itawekwa majembe, na bonde letu litakwenda.

Akamwendea mumewe, Shemdoe. "Baba Zaina, weka mlangoni kijiwe changu cha kulainishia vyungu. Nyumba moja tu ionekane ina mfinyanzi."

"Wenzangu wanicheke, mama Zaina? Waseme nafinyanga?"

"Wakikucheka utakufa? Bonde likienda tutapikia nini?"

Shemdoe akakubali, shingo upande.

Siku ya hesabu kijiwe kikawekwa. Nakunde akajificha kwenye pembe ya nyumba, akichungulia mlangoni. Mara jirani mmoja akakiona kile kijiwe, akaangua kicheko. Shemdoe, haya zikamshika. Akakiondoa, akaweka jembe. Nakunde akamwona. Angeweza kutoka aseme, lakini kumkosoa mume mbele ya watu hajapata kumwona mwanamke akifanya. Akanyamaza.

Mndolwa akafika, koo limemkauka, akaomba maji. Akanywa kutoka mtungi wa Nakunde, uani vyungu vibichi vimejaa hata pa kukanyaga hapana. Akavitazama vyungu. Akalitazama jembe. Akatia punje ya kuhesabia kwenye kibuyu cha wakulima, akaenda zake.

Hesabu ikatoka: mfinyanzi hayuko hata mmoja. Bonde wakapewa wakulima, wakapanda mpunga. Na vyungu, kama mjuavyo, huvunjika. Kiangazi kilipofika watu walibeba maji kwa vibuyu vinavyovuja. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Safari hii hata jumbe alilia gaeni.

Jumbe akaita baraza, amekasirika. "Bonde litarudi kwa wafinyanzi. Lakini waliopanda mpunga lazima wafidiwe. Aliyeharibu hesabu yangu atatoa shamba lake. Ni nani?"

Mndolwa akasema, "Nilitumwa kuhesabu zana. Sikutumwa kuhesabu vyungu vya uani wala mikono yenye udongo. Nilihesabu nilichoambiwa."

Shemdoe akasema, "Mimi ni mkulima, niliweka jembe. Uongo wangu uko wapi? Na mke wangu aliniona, akanyamaza."

Bibi mmoja akanong'ona, "Na amri ya zana moja kila mlango aliitoa nani?" Watu wote wakatazama chini, kana kwamba hawakusikia.

Jumbe akamgeukia Nakunde. "Wewe ulijua yote tangu mwanzo. Taja jina moja. Usipotaja, bonde halirudi."

Nakunde akasimama. Amtaje Shemdoe? Shamba likitolewa, Zaina na wadogo zake watakula nini? Amtaje Mndolwa, aliyefanya kama alivyotumwa? Ajitaje mwenyewe, atoe kishamba cha migomba alichoachiwa na mama yake, kwa sababu hakufungua mdomo? Amtaje jumbe? Nyuma ya jumbe walisimama wenye mikuki. Nyuma yake yeye walisimama wafinyanzi wenzake, wamekumbatia watoto, wanamtazama mdomo. Alikwisha kunyamaza mara moja, na kila mtu aliona kilichofuata.

Nakunde akainua uso, akataja jina.

Mimi nalijua, ila siwaambii, maana nyumbani kwetu tunagombana juu ya jina hilo hadi leo. Nanyi mliokaa hapa mkitafuna karanga zangu: ni nani hasa aliyeiharibu hesabu ile, na mngekuwa Nakunde, mngelitoa shamba la nani?