Pikapu ya Viti Viwili

Hii nimerushiwa na shangazi yangu asubuhi nikiwa nakunywa chai, nikacheka mpaka chai ikapoa. Yeye naye alirushiwa na mtu. Usiniulize kama ni kweli. Isome kwanza, hasa wewe unayekaribia kununua gari, na hasa wewe unayekaribia kuoa.

Upande wa Sikonge, kwenye misitu ya miombo, aliishi mfugaji nyuki aitwaye Luhende. Alikuwa kijana mchapakazi, hana neno na mtu, ila alikuwa na tabia ya kuwaza kila kitu mara mia. Akitaka kununua viatu, atazunguka soko zima akikunja soli na kunusa gundi mpaka wauzaji wamchoke. Sasa fikiria mtu wa namna hiyo alipoamua kununua gari.

Alitaka gari moja la kazi zote. Siku za kawaida limpeleke mjini na madumu yake ya asali. Msimu wa mawindo ukifunguliwa limpeleke porini, maana alikuwa na kibali halali na alipenda kuwinda kuliko mpira. Aliuliza madereva, akauliza mafundi, akamuuliza hata padri. Akapima matairi, akalala chini ya magari ya watu kuangalia springi. Mwisho akanunua pikapu ndogo nyeupe, viti viwili mbele, bodi nyuma.

Wakati huohuo alikuwa amepeleka posa kwa Nyamizi, binti wa Mzee Nkwabi. Hapo ndipo mambo yalipoanza.

Mzee Nkwabi alikuwa Bwana Nyama mstaafu. Maisha yake yote alilinda wanyamapori, na magari ya porini aliyajua kama kiganja chake. Tayari alikuwa na mkwe mmoja, Shigela, mume wa binti yake mkubwa Kabula. Shigela aliendesha gari kubwa la milango minne lenye taa juu ya paa. Lilikuwa refu kiasi kwamba mama wa nyumba ile, Mama Kabula, ambaye goti lilimsumbua, hakuweza kulipanda bila kukanyaga kigoda. Kwa hiyo Shigela, pamoja na ukubwa wote wa gari lake, alitembea na kigoda.

Luhende alipofika na pikapu yake, Shigela aliizunguka pole pole, mikono nyuma.

"Mwanyumba," akamwambia, maana wakioa dada wawili ndivyo wangeitana, "na hii nyingine umeiacha wapi?"

"Nyingine ipi?"

"Nusu iliyobaki."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Luhende naye akacheka, kisha akakatisha, kwa sababu Mzee Nkwabi hakucheka.

"Kijana," mzee alisema, "mtu asiyejua kuchagua chombo cha kila siku, nina wasiwasi hata mke amembahatisha. Jumamosi tunakwenda mawindoni. Jumapili ni sikukuu ya mavuno, mama yenu anakwenda kanisani. Kazi zote mbili zifanywe na hili gari lako. Likishindwa hata moja, posa yako nairudisha."

Sauti ya Nyamizi ikatoka jikoni. "Baba, mimi naolewa na mtu au na gari?"

"Wewe angalia chai, isiungue."

"Chai haiungui, baba."

"Basi isichemke!"

Luhende alirudi kwao bila hamu ya kula. Alimpenda Nyamizi kweli, na alimpenda tangu zamani, kabla hata ya kuota gari. Sasa furaha yake yote ilikuwa imening'inia kwenye pikapu ambayo hakuna aliyeitazama mara mbili.

Jumamosi wakaingia porini. Nguruwe pori walikuwa wamekula mihogo ya kijiji kizima, na kibali kilikuwa cha hao hao. Gari la Shigela lilitangulia likinguruma, na kila mnyama mwenye masikio akajua wageni wamefika. Baada ya muda njia ikawa nyembamba, miti ikakaribiana. Shigela akajaribu kupita katikati ya mininga miwili, gari likaingia kichwa, likakataa kiwiliwili. Kioo cha pembeni kikabaki kinaning'inia kwa waya.

Pikapu ikampita pembeni, ikakata huku, ikakata kule, ikapotea majanini. Kabla jua halijawa kali Luhende alirudi na dume la nguruwe limelala kwenye bodi, limefunikwa turubai, na nafasi ya jingine ilikuwepo. Mzee Nkwabi aliyekuwa amekaa naye mbele alishuka akajinyoosha.

"Kwa mawindo linafaa," alisema. "Linafaa kabisa." Luhende akataka kuruka. "Lakini mawindo ni ya msimu, kijana. Gari halikai porini. Kesho ndiyo kila siku."

Jioni ile Luhende aliisugua pikapu kwa majivu na ndimu mpaka harufu ya damu ikaisha. Akatandika kitambaa safi kwenye kiti. Akalala akitabasamu. Alikuwa amewaza kila kitu.

Kumbe kuna mtu mmoja hakumuwaza.

Jumapili asubuhi alifika akiwa na suti. Mzee Nkwabi alikaa barazani na fimbo yake, Nyamizi amesimama nyuma yake, Shigela na Kabula wameegemea gari lao. Mlango ukafunguliwa, akatoka Mama Kabula amevaa kitenge kipya na kapu la mavuno mkononi: mahindi, maboga, na kuku mwekundu amefungwa miguu. Akaiendea pikapu. Akasimama.

Kila mtu akaelewa.

Kwa watu wa kule, mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa umbali. Hawaketi mkeka mmoja. Hawapeani mikono, hata kitu hawapokezani. Wakikutana kwenye njia nyembamba, mmoja anaingia majanini. Na pikapu ilikuwa na viti viwili: cha dereva, na cha kubanana na dereva. Mama mkwe akae hapo, bega kwa bega na mkwe, gari likikata kona amwegemee? Hiyo ingesimuliwa mpaka wajukuu wazeeke.

Apande nyuma kwenye bodi? Mama mtu mzima, kiongozi wa kwaya, apakiwe kama gunia la mkaa, mbele ya parokia nzima? Hiyo ndiyo mbaya zaidi.

Luhende alitazama viti. Akavihesabu tena, utadhani vingeongezeka. Mimi hapo ningekimbia, nisingesubiri hata kuaga.

Mzee Nkwabi alikuwa anatabasamu kwa mbali. Mtego wake ulikuwa hapo tangu mwanzo.

"Mama, panda huku," Shigela akasema kwa upole, na kigoda tayari kiko mkononi. "Huku kuna siti za nyuma, utakaa peke yako."

Mama Kabula akakitazama kigoda. Nyamizi alimtazama Luhende, na machozi yalikuwa yameanza kumlengalenga. Alijua mama akipanda lile gari kubwa, posa imerudi.

Luhende akauchomoa ufunguo, akaufungua mlango wa abiria, akarudi nyuma hatua kadhaa kumpisha mama mkwe wake. Kisha akaenda barazani, akapiga goti, akaushika ufunguo kwa mikono miwili mbele ya mzee.

"Baba, mama ni mkeo. Kukaa naye ni haki yako, si yangu. Endesha wewe. Mimi nitakaa nyuma na kuku."

Shigela akakishusha kigoda.

Mzee Nkwabi akaupokea ufunguo. Akaugeuza geuza, tabasamu limemwisha. "Kijana, umesema vizuri. Ila kwa macho yangu haya nimekatazwa kuendesha. Nikiwapeleka mimi, tutaishia kwenye shimo la..."

Hakumaliza. Mama Kabula alikuwa ameshafika barazani, ameweka kapu chini, na ameunyakua ufunguo kwenye kiganja cha mumewe.

"Mama!" Nyamizi akashtuka. "Unakwenda wapi?"

"Kanisani. Kwani nyie mnakwenda wapi?"

Akaizunguka pikapu, akafungua mlango wa dereva, akakaa bila kigoda wala kushikwa mkono. Akavuta kiti mbele. Akakanyaga klachi, akajaribu gia moja moja huku akitikisa kichwa kama mtu anayesalimiana na rafiki wa zamani.

"Mama, na goti?" Kabula akauliza.

"Goti limekataa kupanda. Halijakataa kukanyaga."

Mzee Nkwabi akashika kichwa. "Jamani, hilo nilikuwa nimelisahau kabisa!" Akaanza kucheka, akacheka mpaka fimbo ikamdondoka. "Huyu nilimpata wapi, mnajua? Gari langu la serikali lilizama kwenye tope la mbuga. Nikakaa nalo mpaka inzi wakanizoea. Akaja msichana na trekta la ushirika wa tumbaku, akanivuta, akaniambia nijifunze kuendesha. Nikaenda kwao kupeleka posa."

"Mbona hatujawahi kukuona ukiendesha?" Nyamizi akamuuliza mama yake dirishani.

Mama Kabula akaweka mikono juu ya usukani. "Mnanipandisha, mnanishusha, mnaniletea kigoda. Nawashukuru, wanangu. Ila hakuna aliyewahi kuleta ufunguo karibu yangu."

Basi safari ikaanza. Mama kwenye usukani, mzee pembeni yake, Luhende na Nyamizi nyuma kwenye bodi, kuku mwekundu mapajani mwa Luhende. Njiani wakawakuta kina mama wa kwaya wanatembea juani na makapu yao. Mama akasimamisha gari mwenyewe. "Pandeni! Bodi ni kubwa!" Wakapanda, wakabanana, wakaanza kuimba. Suti ya Luhende ikapata vumbi, ikapata unga wa muhogo, na kuku naye akaiachia zawadi yake. Luhende alicheka tu. Nyamizi alikuwa amekaa karibu yake mbele ya mashahidi wote wale, na hakuna aliyeona ajabu.

Shigela alifuata nyuma, siti zake za nyuma tupu, akila vumbi la pikapu ndogo njia nzima.

Walipofika, watu walitoka kanisani kutazama. Mama Kabula aliiegesha pikapu kwa kurudi nyuma, kitu ambacho hata katekista alikuwa hakiwezi, na kina mama wakapiga vigelegele kabla ya misa.

Mzee Nkwabi akashuka. Akamwita Luhende, ambaye bado alikuwa na kuku.

"Nilikuwa nimekuandalia hapana," alimwambia. "Nilijua gari lako litamkosesha mtu nafasi. Nikangoja nione utamkosesha nani. Kumbe umejikosesha mwenyewe."

"Kwa hiyo, baba, na posa?"

"Unaniuliza mimi? Muulize dereva."

Lakini Luhende angemuulizaje mama mkwe, wakati hata kumtazama usoni ilikuwa aibu? Akainamisha kichwa. Mama Kabula akazima gari, akachomoa ufunguo, akaufuta vumbi kwa ncha ya kitenge chake. Hakumpa Luhende, maana mwiko ni mwiko. Alimwita Nyamizi, akauweka kiganjani mwake, akakifunga kile kiganja kwa mikono yake miwili.

"Mpe mumeo."

Funzo: Hakuna chombo kidogo kwa kazi yoyote, ikiwa mwenye nacho yuko radhi kukaa nyuma ili mwingine apate nafasi.