Friji la Bwana Shebe

Aliondokea Bi Tunu, muuza vitumbua aliyeviunguza kila asubuhi na kujicheka kabla hajachekwa.

Siku moja tajiri Shebe, aliyezoea kunyakua vitu vya majirani kwa bei ya kutupa, alitaka kundi lao la soko la WhatsApp lipitishe kanuni: "Kitu kikishawekwa picha, wa kwanza kutaja anachotoa anakichukua. Mwenye kitu haruhusiwi kukataa!"

"Sawa, bwana," Tunu akaandika. "Ila mimi na kichwa changu hiki kizito, hata kutangaza sijui. Tuonyeshe tangazo zuri linavyokuwa."

Shebe akavimba kichwa, akaweka picha ya friji lake jipya la milango miwili.

"Natoa sahani ya vitumbua," Tunu akawahi. "Mkokoteni uko njiani. Usihofu, vya leo vimeungua upande mmoja tu."