Mwalimu Aliyejua Neno Hospitali Limetoka Wapi

Wapendwa, wekeni kalamu chini kwanza. Hili si la kuandika.

Kulikuwa na mwalimu mmoja mstaafu, katika kijiji cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa kule milimani. Alikuwa amefundisha Kiingereza miaka thelathini na minne. Na alikuwa na ugonjwa wake, ugonjwa mzuri tu: alipenda kujua maneno yametoka wapi, hasa yale yanayofanana kwa maandishi. Waingereza, kwa mfano, wana maneno mawili ya kisiwa, isle na island. Ukiyaona ubaoni utaapa ni ndugu. Mwalimu alijua si ndugu. Moja limetoka kwa Walatini, jingine ni la Waingereza wenyewe tangu zamani, na ile herufi s katikati ya hilo la pili ilichomekwa na watu waliodhani yote mawili yametoka tumbo moja. Mambo kama hayo aliyaandika kwenye daftari lenye jalada gumu, na kila asubuhi alikaa nalo kwenye benchi la kituo cha kukusanyia maziwa, maana ndipo watu walipokuwa.

Siku hizo simu zilikuwa bado hazijajaa mifukoni. Barua ya Kiingereza ikifika kijijini ilipelekwa kwa mwalimu. Hakuwahi kumtoza mtu kitu, wala kumfukuza mtu. Nataka mlielewe hilo, huyu si mtu mbaya. Mfano wa mtu mbaya hautusaidii, kwa sababu kila mmoja wetu huuchukua akamkabidhi jirani yake.

Basi Jumatatu moja gari la maziwa likafika, dereva akashuka na bahasha, akampa mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni. Ilitoka hospitali. Mwezi mmoja nyuma mama huyu alikuwa amempeleka binti yake wa miaka sita, jicho la kushoto limeanza kuingia ukungu. Walimpima, wakamwambia arudi nyumbani, ataandikiwa. Mwezi mzima alikuwa anaingoja bahasha hiyo. Aliweka ndoo chini mbele ya benchi la mwalimu, akamnyooshea bahasha.

"Shikamoo, mwalimu. Naomba unisomee. Ni ya mtoto."

"Marahaba, mama. Lete tuone."

Mwalimu akavaa miwani. Akasoma kimyakimya mpaka kwenye saini, akaelewa kila kitu. Barua ilisema mtoto aletwe Alhamisi hii bila kukosa, daktari bingwa wa macho atakuwepo siku hiyo moja tu, na jicho likichelewa halitaokolewa. Mistari minne. Ilihitaji pumzi ngapi kuyasema hayo? Moja tu, tena ingebaki.

Lakini macho yake yakapanda tena juu ya karatasi, palipoandikwa jina la hospitali. Akatabasamu.

"Mama, unajua hili neno hospitali limetoka wapi?"

"Sijui, mwalimu."

"Basi sikiliza. Walatini walikuwa na neno lao moja, maana yake mgeni. Tena neno hilohilo ni mwenyeji anayempokea huyo mgeni. Humo ndimo ilimotoka hospitali. Mwanzoni haikuwa nyumba ya sindano, ilikuwa nyumba ya kupokea wageni, msafiri aliyechoka, maskini asiye na pa kulala. Na hoteli je? Mama yao ni mmoja!"

Watu wakaanza kusogea na ndoo zao. Mwenyekiti wa ushirika, ambaye hapendi kupitwa, akauliza kwa sauti, "Na hosteli, mwalimu?"

"Ndugu yao wa damu!" Mwalimu akasimama kabisa. "Hospitali, hoteli, hosteli, wote watoto wa mgeni!"

Wakapiga makofi. Kweli nawaambia, kituo kizima kilipiga makofi. Hata mimi ningepiga.

Na yule mama? Alikuwa amesimama palepale, shingo ameinamisha kidogo. Angemkatiza? Nani kati yenu angemkatiza? Sisi tumelelewa hivi: mtu mzima akizungumza, tena mwalimu, tena mbele za watu, wewe unasikiliza mpaka mwisho. Akangoja mwisho. Dereva akapiga honi, watu wakakimbilia kumimina maziwa. Mwalimu akaikunja barua vizuri, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Ahsante mama kwa kuniletea hii."

Mama akapiga goti, akashukuru, akaenda. Na mwalimu akarudi kwenye benchi na moyo mweupe, akijiona amemsomea mtu barua yake.

Nyumbani mume akamuuliza, "Haya, inasemaje?"

Mama akamweleza. Hakuacha kitu: Walatini, mgeni, mwenyeji, hoteli, hosteli. Mume akasikiliza, kisha akasema, "Sasa tunaenda au hatuendi?"

Mama akafikiri. "Mwalimu ameisoma yote mimi nikimwona. Kungekuwa na jambo, angeniambia."

Wakatulia. Alhamisi ikafika, wakaenda shambani kuvuna viazi.

Wiki sita zilipita, ng'ombe wao akiwa amekauka maziwa. Mama alikuja kituoni na binti yake. Mwalimu alipowaona akafunga daftari, akafurahi, akauliza, "Haya, mama, yule daktari bingwa alisemaje?"

"Daktari gani, mwalimu?"

Mfano wangu unaishia hapo. Najua mnataka kusikia kwamba walikimbizana na gari la maziwa, wakamkuta daktari, mtoto akapona, ili tutoke hapa tukale kwa amani. Hapana. Daktari alikuwa ameshaondoka, na jicho lile halioni. Mwalimu alimweleza mama habari nzima ya kumpokea mgeni, kwa usahihi, bila kosa hata moja, na wakati huo mgeni wake alikuwa amesimama mbele yake na ndoo.

Wapendwa, mnadhani ninamsema nani?

Jumapili iliyopita nilisimama hapahapa nikawaeleza neno neema kwa Kigiriki. Dakika ishirini. Mliandika, wengine mkaniomba nirudie. Nilishuka hapa nimeridhika sana, sitawaficha. Kisha pale mlangoni, kwenye kupeana mikono, mama mmoja akanishika mkono hakuuachia upesi. Akasema, "Mchungaji, nyumbani kwangu..." Mimi nikamwambia, "Mungu akubariki, mama," nikageukia aliyefuata. Usiku huo wala sikumkumbuka. Nimemkumbuka Jumatano, nikiwa natafuta asili ya neno jingine la kuwaletea leo. Nikafunga kitabu. Niliona aibu ambayo sijaiona tangu nivae joho hili.

Sisi ndio tunaojua. Tunajua neno limetoka wapi, limeandikwaje, linafanana na lipi. Mtu anatuletea barua ya maisha yake, ndoo ameiweka chini, sisi tunamrudishia imekunjwa vizuri, na yeye anatushukuru! Anakwenda nyumbani anasema, kungekuwa na jambo, wangeniambia. Ndugu zangu, kunyamaza kwetu kumeshawaambia watu wangapi kwamba wako salama?

Kwa hiyo leo sitasimama mlangoni kupeana mikono. Nitakaa kwenye lile benchi la nyuma, karibu na dirisha, mpaka mtu wa mwisho amalize. Mama wa Jumapili iliyopita, kama umekuja, naomba uanze wewe. Mwenye barua aje nayo. Na mkiona nimeanza kuwaeleza neno limetoka wapi, tafadhalini, nawasihi kama mchungaji wenu, msiniheshimu. Nikatizeni.