Mkweme Usiozaa

Fumbeni macho, wajukuu zangu, mwone. Mwone mlima wa Upare, na nyuma ya nyumba mti mrefu uliofunikwa na mimea miwili itambaayo mpaka kileleni. Mmeiona? Basi hiyo ndiyo mikweme, na zamani ninayowaambia ni ile ambayo hata bibi yangu aliikuta imeshapita.

Alikuwapo mjane akiitwa Nakijwa. Kila asubuhi aliteka maji mferejini, akapanda kilima, akaimwagilia mikweme. Akashuka, akabeba samadi, akapanda tena. Akateka, akapanda, akamwagilia. Mgongo ulimuuma, magoti yalimuuma, na wa kumpokea mtungi hakuwapo.

Mbona alijisumbua hivyo? Ngojeni. Kwao, binti akijifungua, mama yake humpelekea kikapu cha kweme, zile mbegu pana zenye mafuta, azile apate maziwa. Mwaka wa njaa Nakijwa alikwenda kwa binti yake Namkunda mikono mitupu. Maziwa hayakutoka. Mtoto yule hakumaliza mwezi. Sasa Namkunda alikuwa na mimba nyingine, changa bado, na Nakijwa alijiapia kwamba safari hii kikapu kitajaa.

Lakini katika mikweme ile miwili, mmoja ulizaa, na mmoja ulitoa maua tu. Mwaka hadi mwaka, maua tu.

Siku moja shemeji yake, Sempombe, alimkuta ameketi njiani, anahema.

"Shemeji, utakufa na maji kichwani! Hata yule mvivu unamnywesha?"

"Nifanyeje? Nimeikuta yote miwili hapa."

"Miaka saba anavaa maua kama bwana harusi, na harusi hatuioni! Mkate huyo, upumzike."

Nakijwa alikuwa amechoka, watoto. Mtu aliyechoka hulisikia upesi neno "pumzika." Akachukua panga, akakata, ta, ta, ta. Mizizi nayo akaing'oa.

Mvua zikaja, mkweme uliobaki ukachanua. Ua likaanguka. La pili likaanguka. Nakijwa akaongeza maji, yakaanguka. Akaongeza samadi, yakaanguka.

Ndani ya nyumba alikuwamo mama mkwe wake, Nanzia, aliyeipanda mikweme ile kwa mkono wake. Macho yake hayakuona tena, na watu walimpa uji tu, hawakumpa maneno.

"Mama," Nakijwa akamwambia, "maua yote yanaanguka."

"Mwenzake yuko wapi?"

"Yule asiyezaa? Nimemkata."

"Yoo, mwanangu! Umemkata baba, halafu unamdai mama watoto?"

"Sikujua, mama."

"Hukuuliza. Nami nimekaa hapa hapa, na mdomo ninao."

Nakijwa akalia. "Namkunda nitamwambia nini?"

"Futa machozi. Ng'ambo ya bonde, kwa ndugu zangu, liko dume. Chuma maua yake alfajiri, uyagusishe kwenye maua ya jike, moja moja. Yakinyauka njiani, siku imepotea."

Basi Nakijwa akashuka bonde, akapanda. Akachuma, akashuka, akapanda. Siku ya kwanza maua yalinyauka. Ya pili yalinyauka. Ya tatu akayafunga kwa jani bichi la mgomba lenye maji, yakafika hai, naye akaegemeza ngazi mtini, akapanda kwa magoti yale yale mabovu, akayagusisha. Siku tisa, watoto! Na maua yaliyosalia mtini yalikuwa machache. Likashika tunda moja.

"Shemeji," akacheka Sempombe, "mabonde yote yale kwa tunda moja?"

Nakijwa akajitwika mtungi, akashuka tena mferejini.

Tunda likakua, likawa kubwa kuliko boga, likakomaa, likapasuka. Zikatoka kweme mia na zaidi. Kikapu kikajaa.

Namkunda alijifungua mtoto wa kike. Nakijwa akampelekea kikapu, naye akala kweme za kukaanga, siku ya tatu maziwa yakaja, mtoto akanyonya mpaka akasinzia.

"Mama, njoo umwone!"

Lakini Nakijwa alikuwa ameegemea ukuta, mkono mmoja ndani ya kikapu, usingizi umemchukua.

"Mwacheni," Namkunda akasema. "Mwacheni alale."

Kisa changu nimekitua hapo, atakayekiokota akibebe taratibu. Si kila kisichozaa kimekosa kazi. Nami nawaombeni mkumbuke jambo moja tu, wajukuu zangu: siku mtakapochoka, kabla hamjashika panga, kwanza ulizeni.