Kwa Nini Wapika Chumvi wa Itaga Huongeza Konzi Moja

Ilikuwa siku ya tatu tangu mwezi uandame, yapata saa tatu asubuhi, na ukungu ulikuwa mzito hata moshi wa majiko ulishindwa kupanda. Naitaja saa kwa makusudi, wajukuu zangu, kwa sababu ilipofika jioni ya siku hiyo hapakuwa na mtu Itaga aliyekuwa na hakika na alichokijua asubuhi.

Zama hizo kibuyu kilichojaa kilikuwa kimejaa. Muuzaji hakuongeza kitu. Mtunza vipimo wetu, Mzee Gwasa, alikuwa amefundisha kwamba kila kitu kimeundwa kwa punje ndogo mno zisizokatika, zilizobanana bila nafasi, na kwamba punje za kitu kimoja zote ni sawa. Kwa hiyo, alisema, ukijumlisha vipimo, jumla haiwezi kukudanganya. Mafundisho hayo yalipendwa, maana yalikuwa mepesi kukumbuka.

Kabla ya mwaka huo kila mpishi alikoleza maji ya chemchemi kwa kuonja. Mvua zilipozidi na chemchemi ikapoa, maji yake yakakosa karibu ladha yote ya chumvi, Mzee Gwasa aliamuru maji yakolezwe kwa kipimo: vibuyu kumi vya maji, vibuyu viwili vya chumvi kutoka ghala la kijiji. Zamu ya kwanza ilimwangukia Kalunde, mwanamke mwenye jiko lililo karibu kabisa na chemchemi. Alimimina vyote mtungini, akakoroga mpaka chumvi yote ikayeyuka. Kisha Mzee Gwasa akapima kilichomo mtungini, akitarajia vibuyu kumi na viwili. Alipata kumi na kimoja, na hicho cha mwisho hakikufika shingoni.

“Kalunde, binti yangu, kibuyu kimoja kiko wapi?”

“Mtungini, Mzee.”

“Mtungini nimepima.”

“Basi pima tena.”

Alipima tena. Kumi na kimoja.

Jirani wa Kalunde, Mbasha, aliyekuwa akilimezea mate jiko lile kwa misimu sita, akaangua kicheko. “Labda maji yameila! Tuyapasue tumbo tuone!”

Sheria ilikuwa moja: aibaye chumvi ya ghala huvunjiwa jiko lake. Wanaume wawili walikwisha kushika majembe. Kalunde hakulia. Aliomba moto tu. “Kama nimeiba,” alisema, “chumvi haitarudi.”

Kuni zikachochewa hadi alasiri. Maji yakaisha, chumvi ikakwanguliwa, ikakaushwa, ikapimwa. Vibuyu viwili. Majembe yakawekwa chini, lakini Mzee Gwasa hakuinuka. Alibaki akiutazama mtungi mtupu. Kitu kilikuwa kimepungua, na papo hapo hakikuwa kimepungua.

Kalunde alimwonea huruma. Akaleta kapu la karanga, akamimina juu yake kapu la ulezi, akatikisa. Hayakutimia makapu mawili, kwa kuwa ulezi uliteremka katikati ya karanga. Uso wa mzee ukang’aa. “Kumbe punje hazikubanana! Maji yana nafasi, na chumvi imeingia humo!”

Furaha hiyo haikudumu. Ili kuthibitisha, alitia chumvi kwenye bakuli la maji na kukoroga mpaka nyingine ikakataa kuyeyuka, ikalala chini. “Nafasi zimejaa,” alitangaza. Mbasha, kwa ukorofi tu, akatumbukiza humo kibonge cha asali iliyoganda, akakoroga. Kikatoweka.

“Mzee, hiki nacho kimepata chumba wapi?”

Kabla Mzee Gwasa hajajibu, Kalunde alikuwa amekwisha kuweka chembe ya chumvi juu ya jiwe. Akaigonga, ikawa mbili, akaigonga, zikawa nyingi.

“Hiyo siyo punje ninayoisema,” mzee alinong’ona. “Yangu ni ndogo zaidi.”

“Ndogo kiasi gani?”

“Sijaiona, mwanangu.”

“Hujaiona, na nusura univunjie jiko kwa ajili yake?”

Hata Mbasha alitazama pembeni. Hatimaye mzee alisema kwamba mafundisho yake yalimfikisha kwenye nafasi zilizo kati ya punje, na hapo yakamwacha. Kuyatupa hakuweza, kuyaamini yote hakuthubutu tena. Akamuuliza Kalunde anadai fidia gani.

“Sidai kitu changu,” alijibu Kalunde. “Ila mtu akija akasema kipimo chako kimepunguka, usimwite mwizi, wala usimwonyeshe hesabu. Mwongezee konzi moja, iwe badala ya kile usichokijua.”

Mzee Gwasa alikubali, na yeye mwenyewe ndiye aliyeongeza konzi ya kwanza, akaitia katika kibuyu cha Kalunde. Hadi anazikwa alikuwa bado akikoroga chumvi na asali katika bakuli, akimuuliza kila apitaye asali imepata chumba wapi.

Na tangu siku hiyo, hapa Itaga, muuzaji akishajaza kibuyu hutumbukiza mkono tena guniani. Mnunuzi mgeni hudhani ni ukarimu. Kibuyu chetu hujaa kwa makonzi ishirini na manne; sisi hutoa ishirini na matano.